Pingili ya Tisa

Kila mwanzo wa muhula, watoto wa Shule ya Msingi Kisima cha Neema, pale Pongwe, hupiga kura kwa maharage. Katika darasa lililoachwa wazi hutundikwa pazia, na nyuma yake hupangwa makopo ishirini na sita. Kila kopo limebandikwa picha ya mtu mzima mmoja anayefanya kazi shuleni: mwalimu mkuu, walimu, mlinzi, dereva wa basi, fundi, dobi, wapishi. Mtoto huingia peke yake na punje moja mkononi. Swali ni lile lile kila muhula: ukiwa na jambo linalokusumbua, utamwambia nani?

Kwa miaka tisa mfululizo kopo linalojaa kuliko yote limekuwa la mpishi, Mboni binti Hatibu. Muhula uliopita lilikuwa na punje mia moja na kumi na nane. Lililofuatia, la mwalimu mkuu, lilikuwa na thelathini na moja.

Shule ni ya kanisa. Asubuhi huanza kwa wimbo na sala, na juu ya mlango wa ofisi kuna msalaba wa mninga. Bi Mboni ni Mwislamu wa Makorora, ana miaka hamsini na minane, aliishia darasa la saba, na adhuhuri huswali kwenye mkeka nyuma ya ghala la chakula. Mwaka wa kwanza alipochaguliwa, baadhi ya wazazi walikwenda kwa mwenyekiti wa bodi, Mchungaji Luka, kuuliza imekuwaje. Shule ya Kikristo, watoto wa Kikristo kwa wingi, halafu wa kumwendea na shida zao awe Bi Mboni? Mchungaji aliwajibu kwa ufupi: "Waulizeni watoto. Maharage ni yao."

Anayechaguliwa hapati cheo wala ofisi. Anapata wajibu. Kanuni za shule za kumlinda mtoto zina kurasa kumi na nne, na Bi Mboni anazijua zote kwa kichwa, lakini zinazomhusu yeye ni chache. Asikae na mtoto mahali wasipoonekana na watu wengine. Asimchokonoe kwa maswali, anaruhusiwa kusema "halafu?" na "kuna kingine?", basi. Asimwahidi mtoto kwamba atanyamaza. Maneno aliyoambiwa ayafikishe ofisini siku ile ile, kama mtoto alivyoyasema, bila kupunguza wala kuongeza. Na juu ya hizo ipo kanuni inayomfunga kila mtu mzima pale, iliyopakwa rangi ya bluu ukutani kwenye bwalo la chakula: kati ya mtu mzima na mtoto hakuna siri.

Namna yake ya kutimiza hayo ni ya jikoni. Jiko la shule halina kuta, lina nguzo sita na bati. Wakati wa mapumziko Bi Mboni huketi kwenye kigoda na ungo wa mchele, na mtoto yeyote anayetaka huketi naye kuchambua mawe na chuya. Uwanja mzima unawaona. Hakuna anayejua nani amekuja kuchambua na nani amekuja kusema. Mikono ina kazi, macho yako kwenye ungo, na mtoto ambaye asingeweza kumtazama mtu mzima usoni hujikuta anazungumza na mchele.

Yeye husikiliza huku kidole gumba cha mkono wa kulia kikitembea juu ya vidole vingine, pingili baada ya pingili, kama mtu anayeleta uradi baada ya swala. Sentensi moja, pingili moja. Anaanzia chini ya kidole cha shahada, anapanda, anahamia kinachofuata. Vidole vinne, pingili kumi na mbili. Zikizidi, anahamia mkono wa kushoto.

Alijifunza hivyo utotoni, kwenye chuo cha Kurani. Maalim wake alikuwa na msahafu mmoja kwa watoto ishirini, kwa hiyo walihifadhi kwa kusikia. "Harufi moja ikikosekana, unarudi mwanzo," anasema Bi Mboni. "Hakuna cha karibu na sawa. Ama ndiyo, ama siyo." Alimaliza juzuu saba kabla ya kuolewa. Anachokisikia kwa makini mara moja hakimtoki. Anakisema hivyo hivyo baada ya wiki, baada ya mwezi, na pale mtoto aliposita, naye husita.

Haya yote yalikuwa yanajulikana shuleni kama jambo la kustaajabisha lakini dogo, kama mtu anayeweza kupiga mluzi kwa pua. Hadi ilipofika Jumatano moja ya mwezi wa nane mwaka jana.

Mtoto aliyekuja kuketi kwenye ungo siku ile anaitwa Blessing. Alikuwa na miaka tisa, darasa la nne. Mama yake, Consolata, ndiye dobi wa shule. Anafua mashuka ya bweni na vitambaa vya jikoni. Babu yake alikuja Tanga kukata mkonge na hakurudi kwao. Blessing alichambua konzi kadhaa za mchele. Kisha akasema sentensi kumi na mbili:

"Mwalimu Daniel ananiweka stoo ya mipira. Ni siku ya mtihani wa Ijumaa. Siku nyingine tunafungiwa watoto wawili. Anafunga kwa nje. Mna giza, mna mipira na nyavu. Nasikia wenzangu wanaandika. Kengele ikilia anafungua. Hanipigi. Anasema hii ni siri yetu, nikimwambia mtu, mama hatafua tena hapa. Siku moja nilijikojolea. Sketi niliifua mwenyewe bombani. Sitaki Ijumaa ifike."

"Kuna kingine?" akauliza Bi Mboni.

"Hamna."

"Nitakwenda kuyasema ofisini, mjukuu wangu. Unajua?"

"Najua, bibi. Ndiyo maana nimekuja kwako."

Ili kuelewa kwa nini mwalimu amfungie mtoto stoo, ni lazima kuelewa shule yenyewe. Kisima cha Neema haina fimbo. Haipangi watoto kwa nafasi. Ripoti ya mwisho wa muhula inaeleza mtoto ameweza nini na bado nini, na wazazi wengine hadi leo huigeuza upande wa pili wakitafuta amekuwa wa ngapi. Mtoto mzito wa kusoma huachiwa muda, hupewa herufi za mbao azishike, hupelekwa bustanini akahesabu miche. Mwalimu mkuu, Anjela, mama wa Lushoto asiyependa maneno mengi, ameiendesha hivyo kwa miaka kumi na minne.

Daniel alikuwa mwalimu hodari, na hilo halibishaniwi na mtu. Alikuwa kijana, mcheshi, kinanda kanisani anapiga yeye. Alikuwa na darasa la nne, darasa la mtihani wa taifa, na kila Ijumaa jioni aliwatumia wazazi kwenye simu zao wastani wa darasa. Shule haikumwagiza afanye hivyo. Haikumkataza pia, kwa kuwa wazazi walifurahi. Wastani ulipanda wiki hadi wiki. Ulipanda kwa sababu wale wa chini hawakuwa darasani.

Bi Mboni alivua aproni akaenda ofisini. Anjela alikuwa ameitwa mkutanoni mjini. Aliyekuwepo ni msaidizi wake, Mwalimu Imakulata, mwanamke wa miaka hamsini aliyefundisha nusu ya Pongwe kusoma. Imakulata aliandika kwa mkono, sentensi baada ya sentensi, kisha akamsomea yote. Zilikuwa kumi na mbili. Bi Mboni akatia sahihi.

Kesho yake, saa tano, wali ukiwa unakaribia kukauka na foleni ya watoto imeshaanza kujipanga, Imakulata alikuja jikoni na karatasi iliyopigwa chapa. Ile ya jana, alisema, imemwagikiwa chai. Bi Mboni aliweka sahihi juu ya mfuniko wa sufuria bila kuisoma. Huo ndio uzembe wake katika habari hii, na anautaja mwenyewe kabla hajaulizwa.

Mchana ule ule, kwenye foleni ya chakula, Mwalimu Daniel alisogeza sahani yake.

"Shikamoo Bi Mboni."

"Marahaba."

"Leo umetupikia wali, au umetupikia kesi?"

Walimu wawili walicheka. Bi Mboni alimpakulia wali, akamwongezea mchuzi.

"Wali ni huu, mwalimu. Hiyo kesi naona wewe ndiye uliyeisikia harufu."

Lakini upawa, anasema, aliurudisha sufuriani akamtazama tena. Kanuni zinasema mtu mzima akitajwa kwamba ametunza siri na mtoto, huondolewa darasani saa ile ile hadi kamati ikae. Daniel alikuwa anatoka darasani. Alikuwa na chaki mfukoni.

Jioni, mama yake Blessing alimfuata kwenye karo la kufulia vyombo. Mikono ya Consolata ilikuwa bado imekunjamana kwa maji ya sabuni.

"Bi Mboni, nimesikia."

"Umesikia kwa nani?"

"Kwani hapa Pongwe ni mbali? Nakuomba. Hajampiga. Hajamfanya chochote kibaya. Kamfungia, basi. Mimi baba yangu alinifunga kwenye mti wa mkorosho, na niko hapa."

"Mwanangu, mimi nimeshasema."

"Basi sema ulisikia vibaya. Mtu mzima wewe, masikio yanachoka. Nani atakulaumu?" Akaanza kulia. "Kesho wakimbakiza mwalimu kwa sababu ya matokeo yake, wataniacha mimi? Nguo anaweza kufua yeyote. Na wewe je? Mpishi hapatikani?"

Mkataba wa Bi Mboni, kama wa Consolata, ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja. Alimshika mkono akamwambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu shuleni.

Alipokuwa na miaka ishirini na nne, nyumbani kwa jirani pale Makorora kulikuwa na msichana wa kazi. Msichana alimwambia, wakichota maji, kwamba usiku anafungiwa nje ya mlango wa uani. Mwenye nyumba alikuwa mama wa heshima, anayesomesha maulidi. Bi Mboni alifanya alichofundishwa na kila mtu tangu azaliwe: aliisitiri aibu ya jirani. Hakusema. Msichana aliondoka mwezi wa Rajabu na hakuna aliyejua amekwenda wapi. Hadi leo hakuna ajuaye.

"Nilimsitiri mtu mzima," alimwambia Consolata. "Yule mtoto sikumsitiri kwa chochote. Hata jina lake la baba sikuuliza."

Consolata aliondoka bila kuaga.

Kamati ilikaa Ijumaa saa mbili asubuhi. Mtihani wa darasa la nne ulikuwa saa nne. Walikuwepo Mchungaji Luka, Anjela, Imakulata, na afisa ustawi wa jamii kutoka halmashauri, ambaye kanuni zinataka awepo. Daniel aliketi karibu na dirisha. Kilichokuwa mezani kilikuwa kidogo kwa kukitazama: ukurasa mmoja. Kama ulivyokuwa, ulieleza kosa la nidhamu, na adhabu yake ni onyo la maandishi. Daniel angerudi darasani kabla ya kengele.

Mchungaji alisoma. Bi Mboni, amesimama karibu na mlango na kanga yake begani, alitembeza kidole gumba juu ya vidole. Mchungaji alipomaliza, kidole gumba kilikuwa kwenye pingili ya kati ya kidole cha mwisho.

"Hayajatimia," alisema.

"Nini hakijatimia, Bi Mboni?"

"Maneno ya mtoto. Alinipa kumi na mawili. Umesoma kumi na moja. Limekosekana hili hapa." Akainua mkono wa kulia, akaonyesha pingili ya juu ya kidole cha pete. "La tisa."

Akalisema. Daniel alitazama nje.

Mchungaji Luka ni mtu wa haki lakini si mwepesi. Alisema, kwa upole, kwamba karatasi ina sahihi yake. Bi Mboni akakiri: alisaini bila kusoma, alikuwa na wali motoni. Mchungaji akasema basi wana karatasi iliyosainiwa upande mmoja, na kumbukumbu ya mtu upande wa pili, na riziki ya kijana katikati. Angejuaje?

Anjela akapendekeza Bi Mboni arudie maneno aliyoambiwa na mtoto mmoja mwaka juzi, ambaye karatasi yake iko kabatini, wayalinganishe.

"Hapana, mwalimu," alisema Bi Mboni. "Yale ni ya mtoto mwingine. Hapa si mahali pake."

Afisa ustawi, aliyekuwa anaandika, aliacha kuandika akamtazama.

Ndipo mchungaji akafungua mkoba wake, akatoa karatasi ya matangazo ya Jumapili. Ilikuwa haijasomwa popote. Mhasibu wa usharika alikuwa ameileta asubuhi ile. Akaisoma yote kwa kasi ya kawaida: mazoezi ya kwaya, ndoa mbili kwa majina ya maharusi na wazazi wao, zamu za kufanya usafi, ziara ya akina mama Muheza, mazishi, gunia la mahindi lililookotwa, kikao cha wazee wa kanisa. Matangazo kumi na manne.

Bi Mboni aliinamisha kichwa. Aliomba aruhusiwe kuketi. Kisha akayasema. Aliyasema kwa sauti ile ile ya mchungaji ya kusomea matangazo, iliyoshuka mwishoni mwa kila moja. Majina ya maharusi na ya wazazi wao, saa, tarehe, gunia. Tangazo la tano alilisema mara mbili.

"Hapo umekosea," alisema mchungaji, karibu kwa kufarijika. "Limeandikwa mara moja."

"Limeandikwa mara moja. Wewe umelisoma mara mbili. Ulikohoa, ukaanza tena."

Anjela aliwahi kusimulia kwamba katika dakika ile alikumbuka kwamba alikuwa amefanya kazi na mwanamke huyu miaka kumi na minne, akimhesabia sukari na chumvi. Mchungaji aliikunja karatasi taratibu, mara nne, kama mtu asiyejua karatasi inakunjwa vipi.

"Nililitoa mimi," akasema Imakulata.

Hakulia. Alieleza kama anavyofundisha. Chai haikumwagika. Aliona sentensi ile peke yake ingemwondoa Daniel kazini, nyingine zote zingempa onyo. Yeye ndiye mama wa ubatizo wa Daniel. Aliona pia Consolata angetajwa mbele ya watu. Akataka mambo yaishe kwa heshima, bila mtu kuaibika. "Sikumdhulumu mtoto," alisema. "Maneno yake nimeyaweka kumi na moja. Nilisitiri moja tu."

"Ndilo alilokuja kunipa, mwalimu," alisema Bi Mboni. "Yale mengine yalikuwa ya kulibebea hilo."

Afisa ustawi alimgeukia Daniel akamuuliza kama ni kweli alimwambia mtoto maneno yale. Daniel alisema hakuwa na nia ya kumfukuzisha mtu kazi. Alitaka tu mtoto atulie. Kisha akasema ndiyo.

Saa nne kasoro dakika tano Anjela alitoka ofisini akaenda mwenyewe darasa la nne. Aligawa karatasi za mtihani kuanzia dawati la nyuma. Kwa mara ya kwanza katika Ijumaa sita, Blessing aliandika. Alipata kumi na moja kwa thelathini. Wastani wa darasa ulishuka, na jioni ile hakuna mzazi aliyetumiwa chochote.

Daniel hakurudi, faili lake lilikwenda halmashauri. Imakulata bado anafundisha darasa la kwanza, ila karatasi za maneno ya watoto hazipiti tena mikononi mwake. Aliomba hivyo mwenyewe kabla hajaambiwa. Kanuni zimeongezwa ukurasa wa kumi na tano: karatasi ya mkono haipigwi chapa. Na fundi wa shule, Sadalla, aliitwa kukata kioo katika mlango wa stoo ya mipira. Milango yote ya Kisima cha Neema ina vioo tangu shule ifunguliwe. Huo ulikuwa umesahaulika, kwa kuwa hakuna aliyefikiri stoo ya mipira ni chumba cha mtoto.

Kulikuwa na pendekezo la kununua kinasa sauti kiwekwe jikoni. Watoto waliulizwa. Walikataa.

Jumatatu iliyofuata Blessing alikuja kwenye ungo. Mama yake alikuwa anaonekana kutoka pale, ng'ambo ya uwanja, anaanika mashuka; mkataba wake ulikuwa umeandikwa upya Jumamosi, wa miaka mitatu, na barua Anjela alimpelekea mwenyewe bombani. Mtoto alichambua kidogo.

"Bibi, uliyasema yote?"

"Yote."

"Na lile la mama?"

"Na lile."

"Hebu yaseme."

Bi Mboni akayasema, moja baada ya moja, kidole gumba kikipanda na kushuka, akisita pale mtoto aliposita. Midomo ya Blessing ilikuwa inamfuata bila sauti, kama watoto wa chuoni wanavyomfuata maalim. Walipofika la tisa alitikisa kichwa kukubali. La kumi na mbili lilipokwisha, alisukuma chuya ukingoni mwa ungo.

"Ongeza moja," alisema. "Sema: mama bado anafua hapa."

"Hapana, mjukuu wangu. Yale yamekwisha, siyaongezi."

Uso wa mtoto ulianza kushuka. Bi Mboni alipangusa unga wa mchele mkononi, akarudisha kidole gumba chini kabisa, kwenye pingili ya kwanza ya kidole cha shahada.

"Hilo ni jipya," alisema. "Tunaanza upya. Halafu?"